Friti za chili na fromaji: kwa nini zinalowa, na namna ya kuzipika kwenye babula ya makala

Dada mumoja wa Himbi, hapa hapa Goma, ananiandikia: «Yaya, nimejaribu mara tatu zile friti za Wamarekani, zenye chili na fromaji juu. Kila mara friti zinalowa kama viazi vya kuchemsha, chili inatiririka mpaka chini ya sahani, na fromaji inavutika kama mpira, mafuta yake yanabaki juu. Jumamosi ijayo ni aniversere ya mutoto wangu na nimeshaahidi watoto makumi mbili. Sina furu, niko na babula mbili tu. Friti nazikaanga mara moja mpaka zinapendeza, na fromaji naiyeyusha kwenye sufuria kavu juu ya moto ule wa friti. Nakosea wapi? Ao niachane nayo ninunue tu friti za kongele?»

Mudogo wangu, usiachane nayo. Nimesoma maneno yako mara mbili na nimefurahi, juu umesema wazi nini inaharibika, watu wengi wananiandikia tu «haikutoka muzuri» basi nabaki kubahatisha. Vitu viwili vya kwanza, friti kulowa na chili kutiririka, ni ugonjwa mumoja: maji. Cha tatu, fromaji kuwa mpira, ni moto. Kwa hiyo kazi yako jumamosi haiko kutafuta viungo vya ajabu wala furu ya kuazima, ni kufukuza maji kwenye kiazi na kwenye chili, na kuhurumia fromaji isiungue. Babula mbili zinatosha kabisa, mimi nimepika hivi miaka mingi kwenye mikahawa ya Goma na Bukavu siku umeme umekatika, na wageni walikula wakaomba tena.

Tuanze na chili, juu ile inakutangulia kwa saa nyingi. Watu wengi kwetu wakisikia chili wanafikiria sosi, sawa ile ya kumwagia wali, kumbe haiko sosi. Chili ilikulia Texas, na katika karne ya 19 wamama wa San Antonio walikuwa wanaipika na kuiuza usiku kwenye viwanja vya muji, nyama na pilipili kavu na kumini, nzito. Texas waliifanya kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, na hata leo wengi wao wakiona maragi ndani ya chili wanakasirika, wanasema hiyo si chili. Mimi katika hilo siko upande wao, maragi ya Kivu ni matamu sana kuyaacha nje, na tena maragi yanasaidia kuifanya iwe nzito, njo kitu tunachotafuta. Ila neno lao moja ulishike: chili ni nyama iliyokolea, haiogelei.

Kwa kiasi cha watu wa nyumba moja, tuseme sita, chukua nusu kilo ya nyama ya ngombe ya kusaga, kikombe kimoja cha maragi makavu, vitunguu viwili vikubwa, nyanya nne zilizoiva sana, vijiko viwili vikubwa vya nyanya ya kopo, meno manne ya kitunguu saumu, vijiko vidogo viwili vya kumini (wale wa pwani wanaiita binzari nyembamba), kijiko kikubwa cha paprika, pilipili kadiri ya midomo ya watu wako. Maragi uyaloweke usiku muzima, asubuhi umwage yale maji, uweke mapya, uyachemshe kwa nguvu dakika kumi za kwanza bila kupunguza moto, hilo usiliruke juu maragi mabichi yako na sumu yake na inakufa kwa kuchemka kwa nguvu tu, kisha ndiyo uache yaive polepole. Na usishangae yakikawia. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye digri kama 95, hayafiki 100, njo maana video inasema saa moja na wewe ya pili inapita bado unapuliza makala. Jambo lingine la maragi: yaive kabisa mbele ya kukutana na nyanya. Uchachu wa nyanya unayakaza ngozi, ukiyatia nusu mabichi ndani ya chili yatabaki magumu hata ukeshe.

Nyama sasa. Sufuria pana, moto mukali, mafuta kidogo, tandaza nyama na usiiguse. Najua mukono unataka kukoroga, ukatae. Nyama ya kusaga inatoa maji mengi, ukiikoroga kila saa inachemka ndani ya maji yake, inakuwa ya kijivu na haina ladha, lakini ukiiacha yale maji yakauke utasikia sauti inageuka, kutoka ile ya kuchemka kuja ile ya kukaanga, na chini itashika rangi ya kahawia. Rangi hiyo njo ladha. Kama sufuria yako ni ndogo ufanye kwa mafungu mawili. Ukiisha kuitoa, kaanga vitunguu ndani ya mafuta yaleyale mpaka vilegee na kupata rangi, tia kitunguu saumu, kumini, paprika na pilipili, uzungushe nusu dakika tu vinuke, kisha nyanya ya kopo uikaange nayo mpaka rangi yake iwe nzito na mafuta yaanze kutoka pembeni. Hapo rudisha nyama, tia nyanya zilizokatwakatwa, chumvi, maragi yaliyoiva na kikombe kimoja cha maji yake, funika nusu, moto mudogo, saa moja ao zaidi.

Kitu kimoja nakuongezea ambacho hukuniuliza: nusu kikombe cha kahawa nyeusi, ya kwetu ya Kivu, iliyokolea, bila sukari. Hautasikia kahawa mudomoni, utasikia nyama imekuwa na ukali fulani wa chini, kama imepikwa siku mbili. Tuko na kahawa ambayo watu wa Ulaya wanailipa bei kubwa halafu sisi wenyewe tunaiacha nje ya vyungu vyetu, inaniuma kidogo.

Sasa namna ya kujua chili imefika, na hapa njo pale umekosea mara tatu zote nina uhakika. Pitisha muiko katikati ya sufuria mpaka chini. Kama ile njia inajifunga mara moja, bado ni sosi, toa kifuniko, endelea. Kama njia inabaki wazi sekunde mbili tatu, unaona chini ya sufuria, kisha inajifunga kwa uvivu, imefika. Ponda maragi machache kwa mugongo wa muiko pembeni ya sufuria, wanga yake itashika maji yaliyobaki. Usitie unga wa ngano kuharakisha, inakuwa ubandiko. Kisha toa kwa moto, iache ipumzike dakika kumi na tano, ukipata mafuta mengi yanaelea juu uyatoe na kijiko. Chili ya moto sana iliyotoka kuchemka inatoa mvuke, na mvuke ukifika juu ya friti ni maji tena.

Viazi. Hapa hatuna kisingizio, tunaishi kwenye udongo wa volkano, birayi vinatushukia toka Kibumba na Masisi, watu wa mbali wangetamani. Lakini si kila kiazi ni cha friti. Unataka kile kikavu, chenye unga mwingi, kama ile aina wanaita Kinigi ambayo wapika friti wanaipenda, usichukue kile cha majimaji kinachong'aa ukikikata. Kama muuzaji anakuapia na hauna uhakika, kuna mutihani wa nyumbani: changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe 11 vya maji, tia kiazi ndani. Kinachozama kiko na unga mwingi, ni cha friti. Kinachoelea kiko na maji mengi, kipeleke kwenye mboga. Viazi vilivyovunwa juzi, bado ngozi inatoka ukisugua na kidole, viache wiki mbili, bado viko na maji na sukari. Na kama uko na frigo, viazi visikae mule. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, na sukari ndani ya mafuta ya moto inaungua, unapata friti nyeusi inje na uchungu mudomoni, mafuta unayalaumu bure. Kapu ndani ya giza, mahali pa hewa, basi. Vile vya kijani kwenye ngozi uvitupe.

Kata unene wa sentimita moja, usikate nyembamba. Zile nyembamba sawa vijiti zinapendeza kula na chumvi peke yake lakini zikibebeshwa chili zinakufa mara moja. Na zilingane, juu nene na nyembamba haziivi pamoja. Kisha osha, ubadilishe maji mpaka yawe safi unaona chini ya beseni, ile nyeupe inayotoka ni wanga ya juu ambayo inafanya friti zishikane na kuungua haraka. Ziache ndani ya maji safi nusu saa, zichuje, kisha zikaushe. Mudogo wangu, hapa naomba unisikie vizuri: kuzikausha haiko kuzikung'uta mara mbili juu ya kichujio. Tandaza kitambaa kikavu, zitandaze juu yake, funika na kingine, kandamiza, geuza, ziache hewani dakika kumi na tano. Ukishika friti mbichi na kidole kikabaki kikavu, ziko tayari. Maji yakiingia ndani ya mafuta yanapasuka na kurukia mutu, na tena yanashusha moto wa mafuta, kwa hiyo hii si urembo, ni usalama na ni ladha pamoja.

Halafu zinakaangwa mara mbili, hakuna njia ya mukato. Tumefundishwa na Wabelgiji na kwa hili walikuwa na haki. Mara ya kwanza mafuta ya digri kama 150, dakika tano sita, mpaka ukibonyeza friti inakubali kupondeka lakini bado ni nyeupe. Hapo ndani inaiva, wanga inavimba na kuwa laini. Toa, tandaza, ziache zipoe nusu saa ao zaidi, hata masaa. Ile kupumzika si kungoja bure: mvuke unaendelea kutoka, na maji ya katikati yanasogea kuja pembeni. Mara ya pili digri 180 hivi, dakika mbili tatu, na ule uso ambao umeshajengwa unakauka na kuwa ukoko. Mutu anayekaanga mara moja anapata moja ya mawili, rangi imefika na ndani mbichi, ao ndani imeiva na inje haina nguvu. Wewe umeniambia unakaanga mara moja «mpaka zinapendeza», njo jibu lako liko pale.

Hauna kipima joto, najua, wengi hatuna. Tumia muiko wa mti mukavu. Uchovye ndani ya mafuta: vipovu vidogo vya uvivu kuzunguka mti, hiyo ni ya mara ya kwanza. Vipovu vingi vya haraka, vinakimbia juu, hiyo ni ya mara ya pili. Ao tupa kipande cha mukate ukubwa wa sukari ya donge, kwenye moto wa pili kinapaswa kupata rangi ya dhahabu mbele ya dakika moja kuisha. Mafuta yakianza kutoa moshi umepita, yashushe. Na sikiliza. Kile kelele cha friti ndani ya mafuta ni maji yanatoka, hakuna kitu kingine kinachopiga kelele mule. Mwanzoni kelele ni kubwa na nzito, kadiri maji yanaisha inashuka, vipovu vinakuwa vidogo, na ukizitikisa ndani ya kichujio zinagongana kwa sauti kavu sawa vijiti. Mutu aliyezoea anaweza kukaanga friti macho yamefungwa.

Usijaze. Nusu kilo hivi kwa lita tatu za mafuta, inatosha, na mafuta yasipite nusu ya sufuria juu yatapanda. Ukitia nyingi moto wa mafuta unaanguka na friti zinaanza kunywa mafuta badala ya kukaangika. Mafuta yawe yale meupe ya kusafishwa, ya alizeti, soya, ao ya ngazi yaliyosafishwa, mawese mekundu tuyaachie sombe na maragi, ladha yake inafunika yote. Kwenye babula namna ya kuongoza moto ni hii: makala mengi yaliyowaka vizuri mpaka yameshika majivu kidogo, kwa mara ya kwanza unayasambaza pembeni na chuma, kwa mara ya pili unayakusanya katikati na kupepea. Usiongeze makala mabichi wakati sufuria iko juu, cheche na moshi, ongeza robo saa mbele. Babula ikae chini, pasipotikisika, mushikio wa sufuria usiangalie njia ya watoto, na siku ile nyumba itakuwa imejaa watoto wanakimbia, kwa hiyo weka mutu mukubwa mumoja kazi yake ni kulinda ile babula tu. Mafuta yakishika moto hakuna maji, kamwe, ni kifuniko juu na kuisogelea kwa utulivu kutoa makala. Weka kifuniko karibu tangu mwanzo.

Zikitoka mara ya pili, chumvi palepale zingali zinang'aa, itashika. Usizifunike, usiziweke ndani ya termosi ao sahani ndefu na kifuniko «zisipoe», njo kosa naliona kwenye sherehe zote, mvuke unashindwa kutoka unarudi kulowesha kile ulichokausha saa nzima.

Fromaji. Tuko na ile ya Masisi, ya maziwa ya ngombe, ngumu kiasi, imefanana na gouda, na mimi siwezi kuibadilisha na ile ya pakiti za kutoka mbali. Siku njia imefungwa na bei imepanda, tia kidogo lakini tia hiyo. Inayeyuka vizuri kama haujaipiga moto mukali. Kwa nini inakuwa mpira: ndani yake kuna protini zimeshikana kama neti, mafuta na maji yamekaa ndani ya matundu, joto kidogo linailegeza neti na yote inakuwa laini, joto likizidi neti inajikaza inakamua mafuta yote inje, na hairudi tena. Ulivyoiweka kwenye sufuria kavu juu ya moto wa friti, ilijikaza mara moja.

Fanya hivi. Chukua robo kilo ya fromaji, uikune ikiwa baridi, uichanganye na kijiko kikubwa cha maizena mpaka kila kipande kimeshika vumbi. Pasha maziwa ya kopo yasiyo na sukari, mililita 200, mpaka yanatoa mvuke pembeni, hayachemki. Toa sufuria kwa moto kabisa, kisha tia fromaji ngumi moja moja, unakoroga mpaka inaisha mbele ya kutia nyingine. Ukiona inagoma, irudishe juu ya majivu ya moto dakika moja. Na siri ambayo jikoni nyingi za hapa zinaificha: vipande vitatu vya La Vache qui rit ndani. Ile fromaji ya pembetatu imetengenezwa na chumvi maalum za kuyeyusha, hizo chumvi zinasaidia na fromaji ya Masisi kutulia, mafuta hayatoki, unapata krimu inayong'aa inayoweza kungoja nusu saa karibu na moto bila kuharibika. Maizena inafanya kazi ileile upande wake. Usitie chumvi mbele ya kuonja.

Acha kiganja kimoja cha fromaji iliyokunwa pembeni, utaona sababu yake sasa hivi.

Kupanga juu ya sahani. Wengi wanamwaga chili juu ya friti, fromaji mwisho kwa ajili ya picha. Geuza. Friti chini, pana, zisipangwe mulima, kisha ile fromaji kavu iliyokunwa juu yake zingali za moto sana, inayeyuka nusu na kufanya ngozi ya mafuta kati ya friti na kile kitakachokuja. Fromaji ni mwavuli wa friti. Kisha chili kwa vijiko, hapa na pale, usifunike yote, acha ncha za friti zionekane ili mutu apate pa kushika. Kisha krimu ya fromaji juu. Kama unataka ule uso uliokolea rangi bila furu, weka friti na fromaji kwenye sahani ya chuma ao sufuria fupi ya aluminiamu, funika na kifuniko cha bati, panga makala yanayowaka juu ya kifuniko, dakika mbili tatu, chini usiweke moto. Mwisho kabisa vitunguu vya kijani, nyanya mbichi iliyotolewa maji na mbegu, pilipili kwa wanaotaka. Avoka iliyopondwa na ndimu inaenda vizuri sana pia, na avoka Goma tunazo. Kuanzia pale uko na dakika kumi, baada ya hapo hakuna friti duniani inayovumilia.

Kama kuna wasiokula nyama ya ngombe, ama mfuko umebana, nimewahi kufanya chili ya maragi peke yake halafu juu nikatia sambaza waliokaangwa wakakauka sana, waliwekwa mwisho, na kusema kweli watu waliacha ile ya nyama wakaja huku. Yule samaki aliletwa ziwani Kivu toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo hatuwezi kufikiria Goma bila yeye.

Sasa jumamosi yako, watoto makumi mbili. Viazi kilo sita, vikishamenywa na kukaangwa vinabaki kama nusu ya uzito, usiogope wingi. Nyama kilo moja na nusu, maragi vikombe vitatu, fromaji kilo moja. Ijumaa usiku loweka maragi. Asubuhi na mapema maragi juu ya babula moja, baadaye chili juu ya ileile, chili usiipike ijumaa kama hauna frigo, nyama na maragi vikilala inje vinaharibika, watoto wataumwa. Pilipili ya watoto iwe kidogo kabisa, ile kali uipondee watu wakubwa pembeni. Saa nne unakata na kuosha viazi, saa tano na nusu unaanza kukaanga mara ya kwanza, mafungu kumi na zaidi, itakuchukua saa moja na robo, zikitoka zitandaze juu ya meza kwenye kitambaa, zisilaliane, funika na neti ya nzi tu. Kisha pumzika, vaa, pokea wageni. Mara ya pili usiianze mpaka watoto wameketi na mikono imenawa. Wape kwa mafungu, watano watano, sahani moja kubwa katikati yao, wakati hawa wanakula wewe unakaanga za wale. Watoto wakingoja friti hakuna shida, friti zikingoja watoto kazi yako yote imelowa. Mafuta yakipoa uyachuje na kitambaa, yatakufaa mara mbili tatu tena kama hayajawa meusi.

Na lile swali lako la friti za kongele: hazina ubaya, zimeshakaangwa mara ya kwanza kwenye kiwanda, unazitia moja kwa moja kwenye mafuta ya digri 180 zingali na barafu, usiziyeyushe, na kidogo kidogo sana juu zinapooza mafuta. Ila zichukue tu kama duka lako liko na umeme usiokatika. Pakiti ikiwa na donge moja la barafu ndani, zimeyeyuka zikaganda tena, iache palepale dukani, pesa hiyo inakununulia ndoo nzuri ya birayi sokoni Virunga.